Kiti cha Abiria Kilichowasha Taa ya Eabegi

Nianze na hela, maana najua wengi mtaruka maelezo mzitafute. Kuizima taa ya eabegi, ule mfuko unaofyatuka kukukinga ajali ikitokea, kwenye gari langu kwa kurekebisha kilichoiwasha kumenitoka zaidi ya shilingi milioni 1 na laki 1. Kuizima kwa kuificha kungenitoka elfu 20 na soda ya fundi. Kati ya bei hizo mbili nilikutana na mafundi wa kila namna, na mwishowe nikagundua jambo ambalo aliyeniuzia gari hakunidokezea hata kidogo.

Gari ni la Kijerumani, la mwaka 2009, lililoingia nchini kupitia Japani kama mengi ya Ulaya tunayoyaona hapa Dar. Nililinunua kwa mtu, si yadi. Jina la kampuni naliacha, kwani ugonjwa wa sensa ya kiti cha abiria, kifaa kinachohisi kama kuna mtu amekaa, hauna kabila. Umewapata wenye magari ya Kijerumani, ya Kimarekani, ya Kikorea na ya Kijapani.

Taa iliwaka siku chache baada ya kuosha viti. Uji wa mtoto ulikuwa umemwagika kwenye kiti cha mbele cha abiria, nikalipeleka gari kwa vijana wa kuosha. Wakapiga povu, wakamwaga maji, wakafyonza kwa mashine, wakaniambia niliache juani milango wazi. Kwa juu kilikauka kabisa. Wiki haijaisha, kile kipicha chekundu cha mtu aliyekaa na duara kubwa mbele ya kifua kikawaka kwenye dashibodi na kikakataa kuondoka.

Kwa asiyejua: ukifungua swichi, taa hiyo inatakiwa iwake sekunde chache, kama 6 hivi kwenye magari mengi, halafu izime yenyewe. Hapo kompyuta ya eabegi inajipima. Inapitisha umeme mdogo sana kwenye kila eabegi na kwenye mikanda inayojivuta wakati wa ajali, inaangalia ukinzani wa waya, yaani jinsi unavyouzuia umeme, ambao kwa kawaida ni kama omu 2 hivi, kisha inauliza sensa zote ziko wapi. Kila kitu kikijibu sawa, taa inazima. Kimoja kikikosa kujibu, inabaki. Na kama ukifungua swichi haiwaki kabisa, ogopa zaidi ya aliyewakiwa, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Kitabu cha gari langu kilikuwa cha Kijapani chote, kwa hiyo nikatafuta cha Kiingereza mtandaoni na kukipakua. Kiliniambia wazi kwamba taa ikibaki imewaka, mfumo unaweza usifanye kazi ajali ikitokea. Hakikusema kiti cha abiria tu, kilisema mfumo. Magari hayafanani hapa. Mengine sensa ya kiti ikifa huzima eabegi ya abiria peke yake, mengine huiacha tayari kufyatuka muda wote, na mengine hufunga kila kitu mpaka ya dereva. Ndiyo maana ushauri wa jirani mwenye gari la aina nyingine haukusaidii. Soma kitabu cha gari lako.

Fundi wa kwanza ni wa mtaani kwetu Tabata, na kwa breki na mafuta ya injini mpaka leo namwamini. Aliangalia dashibodi akatabasamu.

"Dada, hiyo haina madhara. Injini inawaka, gari inatembea. Ni eabegi tu."

"Si ndiyo inayoniokoa nikigonga?"

"Sasa kwani unapanga kugonga? Kama inakukera, elfu ishirini tunaitoa."

Kuitoa maana yake ni kufungua dashibodi na kuing'oa taa. Wajanja zaidi huunganisha waya wake na taa nyingine, ya mafuta ya injini kwa mfano, ili uonekane mwako wa kawaida: inawaka ukifungua swichi, inazima injini ikiwaka. Mnunuzi haoni kitu. Njia ya kuwakamata ipo: fungua swichi bila kuwasha injini, usubiri. Taa ya mafuta ya injini itabaki muda wote injini ikiwa haijawaka, lakini ya eabegi lazima izime yenyewe baada ya zile sekunde chache. Kama zote mbili zinasubiri injini ndipo zizime pamoja, kuna mtu amepita na waya humo ndani.

Wa pili alikuja nyumbani na kidude kidogo cha bluetooth, akakichomeka chini ya usukani, akafungua programu kwenye simu. "Hakuna tatizo lolote, mama. Iko safi." Huku taa imewaka mbele yetu wote! Nililipa elfu 15 nikabaki nashangaa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba vile vidude vya bei nafuu vingi husoma injini peke yake. Kompyuta ya eabegi ni nyingine na inataka mashine inayozungumza nayo. Siku hizi kabla fundi hajatoka kwake namuuliza kwa simu: mashine yako inaingia kwenye eabegi ya gari hili? Akianza kuzunguka, namshukuru nakata simu.

Wa tatu nilielekezwa Ilala, jirani na kule wanakouza spea za mitumba Shaurimoyo. Kijana mpole, maneno machache, laptopu imechakaa pembe zote. Kupima elfu 40. Mashine yake iliingia kwenye eabegi na kutoa hitilafu moja: sensa ya mkaaji, kiti cha mbele cha abiria. Nilipenda kwamba alinionyesha skrini nipige picha. Namba ya hitilafu ni yako, umeilipia. Usikubali kuondoka na maneno matupu kwamba "ni sensa".

Hakukimbilia kuuza kitu. Alipiga magoti akachungulia chini ya kiti, akatoa chupa ya maji, mwavuli na kalamu za mtoto, kisha akanionyesha soketi za njano. Kwenye magari mengi rangi hiyo chini ya kiti na kwenye usukani ni onyo kwamba waya huo ni wa eabegi, usiuguse kienyeji. Soketi hizo hulegea kiti kikisogezwa mbele na nyuma kila siku, hupata kutu maji yakiingia, na panya akiingia garini huanza nazo. Akachomoa waya hasi wa betri, akaketi pembeni. Nikamuuliza tunangoja nini. Akasema kompyuta ya eabegi ina akiba ya umeme ndani yake, kwa makusudi, ili ajali ikikata betri bado iweze kufyatua. Vitabu vya magari mengine vinataka usubiri angalau sekunde 90, vingine dakika kadhaa, yeye hungoja dakika 10. Fundi anayechomoa soketi ya njano huku redio inaimba, mwondoe.

Akasafisha soketi kwa dawa ya kupuliza, akarudisha, akaifuta hitilafu. Taa ikazima. Elfu 60 nikatoa kwa moyo mweupe nikarudi Tabata nikiimba. Kesho yake nikampakia mama mkwe kumpeleka kanisani. Alipokaa tu na kufunga mkanda, taa hiyo ikawaka.

"Mwanangu, nimegusa nini?"

"Hujagusa kitu, mama. Ni gari."

Aliamini? Sidhani. Njia nzima alikaa mikono mapajani.

Lakini mama mkwe alikuwa ametusaidia bila kujua. Kijana wa Ilala aliposikia kwamba imewaka mtu alipokaa, alifungua ukurasa wa mashine unaoonyesha kinachosomwa muda huohuo. Nikakaa kitini: skrini ikaandika hakuna mtu. Nikainuka: mtu yupo. Nikakaa tena upande wa mlangoni: kosa. Soketi haikuwa na hatia. Sensa yenyewe ilikuwa imekufa.

Sensa hiyo kwenye gari langu ni mkeka mwembamba wa plastiki wenye njia za umeme, uliolazwa kati ya sponji na kitambaa. Ukikaliwa, ukinzani hubadilika na kompyuta hujua kuna mtu. Kazi yake ni kuamua kama eabegi ya abiria ina wa kumwokoa, na kama ipige kelele ya mkanda. Mkeka huo huchoka kwa kukunjwa na kukunjuka miaka nenda rudi. Mtu akipiga magoti juu ya kiti kutafuta kitu nyuma, akibebesha ndoo ya maji au kreti ya soda, akikilowesha kwa maji na sabuni, anaufupishia maisha. Kama uji na povu la vijana wa kuosha ndivyo vilivyoumaliza, siwezi kuapa. Ulikuwa na umri wake.

Magari mengine yana ufundi tofauti. Mengi ya Kimarekani yana mfuko wa majimaji mazito ndani ya kiti pamoja na sensa ya mgandamizo, na mengine yana vipimo vya uzito kwenye miguu ya kiti. Marekani ilianza kuwalazimisha watengenezaji kwa awamu kuanzia Septemba 2003 wawe na eabegi za mbele zisizodhuru watoto na watu wadogo, na wengi walijibu kwa sensa zinazopima uzito, ndiyo sababu magari yaliyotengenezwa kwa soko lile yana kitaa karibu na redio kinachokuambia eabegi ya abiria imezimwa. Ukikiona kimewaka na mtu mzima amekaa, sensa inamwona mtoto. Hizo za kupima uzito, hata kiti kikifunguliwa tu na kurudishwa, huhitaji mashine kuziambia upya sifuri iko wapi, kiti kikiwa kitupu kabisa, bila hata mkoba juu yake.

Hapo ndipo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipoingia na suluhisho lake. Alikuwa ameona mtandaoni kidude cha dola kama 20, unakichomeka mahali pa mkeka, kinaidanganya kompyuta kwamba kiti kina mtu saa zote.

"Shem, taa inazima, eabegi zote zinafanya kazi. Unataka nini tena?"

Sitambeza, kwa sababu hoja yake ina nusu ya ukweli. Kama gari lako ni la aina inayofunga mfumo mzima, kidude hicho kinaurudisha mfumo kazini, na hiyo ni bora kuliko kuing'oa taa. Lakini umeshaamua kwa niaba ya kila atakayekaa pale kwamba ni mtu mzima. Kwa gari lenye kupima uzito hilo ni jambo zito. Eabegi hujaa kwa takriban milisekunde 30, kwa kasi inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa. Kwa kifua cha mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali nayo kidogo, ni wokovu. Kiti cha kichanga kinachotazama nyuma, kikiwekwa mbele yake, kinapigwa mgongoni palepale kilipo kichwa cha mtoto. Na gari litauzwa siku moja, aliyenunua hatajua. Nikamwambia shemeji hapana, na mtoto wangu tangu siku hiyo hakai mbele.

Tukakubaliana na fundi tukifungue kiti, tupime mkeka, tuagize mpya kupitia mtu anayeleta spea kutoka Dubai. Alimwita fundi viti mmoja kutoka Keko, kwani kitambaa cha kiti kimeshikwa na pete za chuma ndani ya sponji na ukikivuta kwa hasira hukirudishi. Betri ikachomolewa, tukasubiri, bolti nne zikafunguliwa, kiti kikalazwa juu ya kitambaa. Fundi umeme alichukua funguo za gari akazitia mfukoni. Kiti kikiwa nje hataki mtu afungue swichi, kwa sababu kompyuta itaandika kila kilichochomolewa kuwa hitilafu mpya.

Fundi viti ndiye aliyeona kwanza. Alipitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni, upande wa mlango, akasema, "Huu si wa kiwandani." Kiti chenye eabegi ya ubavu hushonwa upande huo kwa uzi maalum unaokatika kirahisi, ili mfuko upasue na kutoka. Changu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mnene wa kawaida. Akaufungua. Mahali pa eabegi palikuwa na sponji iliyokatwa kwa kisu ikajazwa. Fundi umeme akafuata waya mpaka kwenye soketi ya njano, akabandua utepe mweusi, na ndani mkawa na rezista ndogo iliyounganishwa kati ya nyaya mbili. Ukinzani wake unafanana na wa eabegi. Kompyuta ilikuwa inauliza "upo?" na rezista inajibu "nipo."

Nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwa muda wote niliomiliki gari lile taa ilikuwa inazima vizuri, na upande ule haukuwa na kitu. Wamekaa pale mama yangu, dada zangu, mama mkwe. Gari lilishagongwa ubavu, eabegi ikafyatuka, mtu akaliponya kwa sindano na uzi. Nilimpigia aliyeniuzia. Akasema naye alilinunua hivyohivyo, na huenda ni kweli. Sikuwa na la kumfanya, mkataba wetu ulikuwa karatasi moja iliyoandikwa "limeuzwa kama lilivyo".

Kwa hiyo unaponunua, papasa mishono ya ubavu wa viti vya mbele, ulinganishe kulia na kushoto. Angalia kifuniko cha eabegi kwenye dashibodi upande wa abiria kama kina mstari wa kugandishwa au rangi tofauti kidogo. Vuta mkanda wote mpaka mwisho, kwani uliojivuta kwenye ajali mara nyingi hukwama au hurudi kwa shida. Na mlete fundi mwenye mashine asome eabegi kabla hujatoa hela, ingawa kwa rezista kama yangu mashine nayo hudanganyika. Ni mikono ya fundi viti iliyolikamata.

Bei zikabadilika pale. Mkeka mpya pamoja na eabegi mpya ya ubavu kutoka Dubai vilifika zaidi ya milioni 2 kabla ya ufundi. Fundi akapendekeza kiti kizima kutoka gari la aina hiyohiyo linalokatwa spea, kiti chenye mkeka na eabegi yake. Watengenezaji wanataka eabegi mpya kila mara, na sipingi. Nilichagua cha mtumba kwa sababu ya mfuko wangu, nikijua nachukua nini. Tulikagua namba kwenye lebo zifanane na za kile cha zamani. Tukaangalia reli na bolti za chini kama zina tope kavu au kutu ya ajabu, ishara kwamba gari lilizama majini. Mshono tuliupapasa mpaka muuzaji akauliza kama tunanunua kiti au tunakitibu. Nikamwambia nalipa kikishakubaliwa na kompyuta ya gari langu, naye baada ya maneno mengi akakubali kuja nasi. Laki 7 na nusu. Kukifunga laki 2, kukitambulisha kwenye mashine na kufuta hitilafu elfu 70.

Ni cheusi na vingine ni vya kijivu. Wapo wanaonishauri nivae kava vyote vifanane. Kava za kubana zinazofunika ubavu wote huiziba eabegi ileile niliyoilipia, kwa hiyo kitabaki cheusi.

Mengine ya haraka kwa wenye taa iliyowaka sasa hivi. Kama honi nayo imekata, au vitufe vya redio kwenye usukani havijibu, usianze na kiti. Mtuhumiwa ni ule utepe wa waya unaojiviringa ndani ya usukani. Kama taa iliwaka baada ya betri kuisha na kubusti, huenda ni hitilafu ya umeme kushuka iliyobaki kwenye kumbukumbu, ichajiwe betri na hitilafu ifutwe kwanza. Muulize fundi kama hitilafu ipo sasa au ni ya zamani, mashine nzuri inazitofautisha. Na mtu asiguse eabegi kwa mita ya kawaida ya kupimia umeme, kwani umeme mdogo wa mita unaweza kuifyatua usoni mwake.

Shemeji alipoona rezista alinyamaza, kisha akaniomba fundi apime gari lake, la Kijapani la mwaka 2007. Mashine haikutoa hitilafu yoyote na taa inazima inavyotakiwa. Fundi akamwambia hiyo haimalizi. Eabegi za kampuni ya Takata zilitumia baruti ya nitrati ya amonia ambayo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikifyatuka inaweza kupasua kopo lake la chuma na kurusha vipande ndani ya gari. Duniani kote zaidi ya milioni 100 zimeitwa zirudishwe kubadilishwa, watu zaidi ya 30 wamekufa, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Kasoro hiyo haiwashi taa yoyote, kwani waya ni mzima na kompyuta inaridhika. Joto na unyevu, nasi tunaishi Dar.

Kilichomsumbua shemeji ni kwamba kurasa nyingi za Kiingereza za kuangalia kama gari lako limeitwa zinataka namba ya herufi 17, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi ya chesi. Tuliingiza ile fupi kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyotengeneza gari, tukatafsiri kwa simu. Eabegi yake ya abiria imo kati ya zilizoitwa. Ameshawaandikia mawakala wa hapa nchini na anasubiri jibu, na mkewe kwa sasa anakaa kiti cha nyuma, akimwelekeza njia kutoka huko.